KUCHAGUA SHULE YA UDAKTARI
Shauri kwa wazazi na vijana wa Keringet

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa sekondari yatangazwapo, furaha na fadhaa huingia pamoja katika nyumba nyingi za nyanda za juu za Mau. Tuseme nyumba moja ya Keringet, ambako watu huishi kwa viazi, majani ya chai na maziwa ya ng'ombe. Binti wa nyumba hiyo amefaulu vizuri sana, hasa katika Biolojia na Kemia. Amwambia baba yake, "Baba, nataka kuwa daktari. Nataka niwe bingwa wa magonjwa ya ndani."

Baba afurahi, lakini jioni wageni waja na mashauri yao. Jirani wa kwanza asema, "Mpeleke Nairobi, maana shule ya Nairobi ina jina kubwa." Wa pili asema anamjua wakala awezaye kumpatia binti nafasi katika nchi ya mbali, mradi fedha zilipwe kabla ya mwisho wa mwezi. Wa tatu asema, "Egerton iko karibu, basi asome Nakuru." Mzee yule hulala akiwaza kama auze ng'ombe, au auze sehemu ya shamba.

Makala haya yamekusudiwa kumsaidia mzee huyo na binti yake, na wengine walio kama wao. Hayatawachagulia shule. Yataeleza kazi yenyewe, njia ya kuifikia, na mambo yapasayo kuulizwa kabla ya kutoa hata shilingi moja.

KAZI YENYEWE NI IPI?

Watu wengi hudhani kwamba daktari bingwa ni yule apasuaye. Bingwa wa magonjwa ya ndani hapasui. Yeye hutibu watu wazima kwa kusikiliza maelezo ya mgonjwa, kumpima kwa mikono na vyombo, kusoma majibu ya maabara, kisha kupanga dawa na kumfuata mgonjwa kwa muda mrefu. Magonjwa yake ni kisukari, shinikizo la damu, maradhi ya moyo, figo, ini na mapafu, kifua kikuu, UKIMWI na mengine mengi kama hayo.

Magonjwa haya hayako mbali nasi. Mama aliyepika miaka thelathini kwa kuni katika jiko lisilo na dirisha huweza kupata ugonjwa wa mapafu hata kama hakuvuta sigara maishani mwake. Kijana aliyeumwa koo utotoni asipate dawa huweza kuharibika vali za moyo, na dalili zikaonekana miaka mingi baadaye, apandapo kilima akakosa pumzi. Mzee aendaye haja ndogo mara kwa mara usiku akidhani ni baridi ya Mau, huenda ana kisukari. Wagonjwa kama hawa hawahitaji kisu. Wahitaji daktari mwenye subira na akili ya kuunganisha dalili moja na nyingine. Kijana asiyependa kusikiliza watu, au atakaye kuona matunda ya kazi yake siku ile ile, yafaa ajiulize mapema kama kazi hii inamfaa.

NJIA NI NDEFU, IHESABIWE MAPEMA

Jambo la kwanza ambalo wazazi hupaswa kulijua ni hili: mwanafunzi haingii shule ya udaktari ili asomee magonjwa ya ndani. Huingia ili awe daktari wa kawaida. Ubingwa huja baadaye.

Katika Kenya shahada ya kwanza ya udaktari huchukua miaka sita. Miaka ya mwanzo ni ya darasani na maabara: anatomia, yaani elimu ya viungo vya mwili, fiziolojia, yaani jinsi viungo hivyo vifanyavyo kazi, na biokemia. Baada ya hapo huja elimu ya vijidudu, dawa, na mabadiliko yaletwayo na ugonjwa mwilini. Kisha mwanafunzi huingia wodini, na hapo hufundishwa zamu kwa zamu magonjwa ya ndani, upasuaji, magonjwa ya watoto, na uzazi.

Akimaliza hufanya kazi mwaka mmoja katika hospitali iliyoidhinishwa, chini ya uangalizi, na huko pia huzunguka katika idara hizo. Baada ya mwaka huo huweza kuandikishwa kuwa daktari kamili. Wengi hufanya kazi kwa muda katika hospitali za kaunti kabla ya kurudi chuoni kusomea shahada ya uzamili ya magonjwa ya ndani, ambayo huchukua miaka mitatu au minne. Akitaka kuwa bingwa wa kiungo kimoja, kama vile moyo au figo, ataongeza masomo mengine juu ya hayo.

Basi tuhesabu. Binti wa miaka 19 aanzaye leo, akisoma miaka sita, akahudumu mmoja, akafanya kazi mmoja, akasoma minne, atakuwa bingwa akiwa na miaka 31 hivi, ikiwa hapakuwa na kizuizi. Na vizuizi vyaweza kutokea. Mwaka 2024 madaktari wa Kenya waligoma siku 56, na jambo moja kubwa lililoleta mgomo huo lilikuwa kucheleweshwa kwa wahitimu kupelekwa hospitalini kwa mwaka wao wa mafunzo, pamoja na malipo yao. Twasema hivi ili mzazi asije akafikiri kwamba siku ya kuvaa joho ndiyo siku mshahara utakapoanza.

SHULE ZILIZOPO

Wazee wetu hawakuwa na shida ya kuchagua, kwa kuwa hapakuwa na cha kuchagua. Mafunzo ya udaktari yalianza Makerere, Uganda, katika mwaka 1924, na kwa miaka mingi Mwafrika wa Kenya aliyetaka kuwa daktari ilimlazimu kupanda gari la moshi kwenda Kampala, akafundishwe katika hospitali ya Mulago. Shule ya Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 1963. Kenya ilipata shule yake ya kwanza mwaka 1967, huko Nairobi, na wanafunzi wake hufundishwa katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, iliyoanzishwa mwaka 1901.

Leo shule ni nyingi. Ziko za serikali na ziko za watu binafsi na za dini, tangu Thika na Meru hadi Maseno, Kisii na Kakamega. Kwa mtu wa Keringet, tatu ndizo hutajwa zaidi, nazo zatofautiana.

Ya kwanza ni hiyo ya Nairobi. Faida yake ni kwamba hospitali yake hupokea wagonjwa wenye magonjwa magumu kutoka nchi nzima, na walimu wake ni wa kila tawi la utabibu. Ubaya wake ni gharama ya kuishi mjini, na kwamba wanafunzi ni wengi, kwa hiyo mwanafunzi mwenye haya huweza kusimama nyuma ya wenzake asimguse mgonjwa.

Ya pili ni ya Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Chuo hiki kilipokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari mwaka 1990. Tangu mwanzo kilichagua njia yake cha kufundishia: wanafunzi hukaa katika vikundi vidogo, hupewa tatizo la mgonjwa, na hutafuta wenyewe maarifa ya kulitatua, tena hupelekwa vijijini kujifunza jinsi watu wanavyoishi na wanavyougua. Hospitali yake ya Mafunzo na Rufaa ni kubwa, na kwa miaka mingi imeshirikiana na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani katika kutibu UKIMWI na magonjwa ya kudumu. Kijana apendaye magonjwa ya ndani atapata mengi huko.

Ya tatu ni ya Egerton. Chuo hiki kilianza Njoro mwaka 1939 kama shule ya kilimo, kikawa chuo kikuu mwaka 1987. Wazee wengi wa Mau walikijua kwa ng'ombe na ngano, wala hawakufikiri kwamba siku moja kingefundisha madaktari. Shule yake ya tiba iko Nakuru mjini, na wanafunzi hujifunza katika hospitali kuu ya kaunti, ile iliyokuwa hospitali ya Mkoa wa Bonde la Ufa. Wagonjwa wake hutoka Molo, Njoro, Kuresoi na Olenguruone. Mwanafunzi wa Keringet atamkuta wodini mtu aongeaye lugha ya mama yake, na hilo si jambo dogo kwa daktari ajifunzaye kusikiliza.

MASWALI MANNE YA KUULIZA

Jina la shule ni kitu cha heshima, lakini jina halimtibu mgonjwa. Afadhali mzazi na mwanawe waulize maswali haya manne.

Swali la kwanza: Je, shule imekubaliwa? Kenya ina Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, ambalo kwa kifupi huitwa KMPDC. Baraza hili hukagua shule, huidhinisha zile zifaazo, na ndilo liwaandikishalo madaktari. Hata chuo kilicho na kibali cha kufundisha masomo mengine hakiwezi kumfanya mtu kuwa daktari ikiwa Baraza halikuikubali shule yake ya tiba. Orodha ya shule zilizokubaliwa hutolewa na Baraza lenyewe. Usiipokee kutoka kwa mtu wa njiani.

Swali la pili: Wagonjwa wako wapi, na wanafunzi wangapi humzunguka mgonjwa mmoja? Udaktari wa magonjwa ya ndani hujifunzwa kando ya kitanda. Shule yenye majengo mazuri lakini isiyo na wodi ya kutosha ni kama shamba lenye ua mzuri lisilo na udongo. Nenda ukaone. Waulize wanafunzi wa mwaka wa tano, maana hao ndio walio wodini: Je, humpima mgonjwa mwenyewe, au hutazama tu? Je, hufika hospitalini mara ngapi kwa juma?

Swali la tatu: Walimu ni nani? Uliza idara ya magonjwa ya ndani ina mabingwa wangapi wafundishao, na kama hufika wodini wenyewe. Uliza pia kama hospitali ile hufundisha mabingwa wapya. Mahali penye madaktari wasomeao uzamili, mwanafunzi wa chini hufaidika, kwa kuwa yupo mkubwa wake wa kumwuliza saa nane za usiku. Nairobi na Eldoret hufundisha uzamili wa magonjwa ya ndani, kadhalika Chuo Kikuu cha Aga Khan kilichoko Nairobi. Lakini kumbuka: aliyesomea shahada ya kwanza Nakuru au Kisii hakufungiwa mlango wa Nairobi au Eldoret kwa ubingwa wake. Atakachoulizwa ni kama ni daktari aliyeandikishwa, alifaulu namna gani, na alifanya kazi gani.

Swali la nne: Je, nyumba yetu itaweza kulipa hadi mwaka wa sita? Swali hili tutalieleza peke yake hapa chini, kwa sababu ndilo lililowaangusha wengi.

HESABU YA FEDHA

Nafasi za serikali hugawanywa na chombo kiitwacho KUCCPS, kwa kufuata alama za mtihani na machaguo ya mwanafunzi. Alama ya chini iliyowekwa kwa udaktari ni B, pamoja na masomo ya Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na lugha ya Kiingereza au Kiswahili. Lakini msomaji asidanganyike na alama hiyo. Waombaji ni wengi kuliko nafasi, na kwa kawaida waipatao nafasi ya serikali ni wale wenye A au karibu yake. Kwa wadogo walio katika mtaala mpya wa umilisi, ni lazima wachague njia ya sayansi waingiapo sekondari ya juu. Atakayechagua njia nyingine atakuwa amejifungia mlango kabla hajaufikia.

Aliyepata nafasi ya serikali huweza kuomba mkopo wa HELB, bodi iliyoanzishwa mwaka 1995. Tena ziko fedha za msaada wa masomo za eneo la bunge na za kaunti. Mkopo ni deni, nalo hulipwa. Misaada ya eneo la bunge ni midogo ikilinganishwa na karo ya udaktari, na haiji kila muhula. Kwa hiyo isiwe nguzo ya nyumba. Iwe boriti tu.

Anayejilipia mwenyewe hudaiwa karo ihesabiwayo kwa mamia ya maelfu ya shilingi kwa mwaka, na juu yake chakula, malazi, vitabu, koti na vyombo. Mzazi achukue kalamu aandike jumla ya miaka sita, wala asiandike ya mwaka wa kwanza peke yake. Kisha aongeze mwaka mmoja zaidi, kwa sababu migomo na mitihani ya kurudiwa huongeza muda. Aitazame jumla hiyo kando ya mapato ya maziwa, chai na viazi ya mwaka mbaya. Asiyafikirie ya mwaka mzuri. Ng'ombe akiuzwa ili kulipa mwaka wa kwanza, maziwa ya kulipa mwaka wa pili yatatoka wapi? Binti aliyeachishwa masomo katika mwaka wa tatu kwa kukosa karo hana shahada wala ng'ombe. Hapo ndipo ukaribu wa Nakuru hupata thamani yake: gunia la viazi laweza kupelekwa kwa njia ya Molo, na mwanafunzi aweza kuja nyumbani bila nauli kubwa.

KUSOMA NCHI ZA KIGENI

Wako Wakenya wengi waliosoma udaktari nje wakarudi kuwa madaktari hodari. Hatusemi kwamba ni vibaya. Twasema kwamba hatari zake ni nyingi zaidi, na ni heri zijulikane.

Arudiye na shahada ya nje haanzi kazi mara moja. Ni lazima Baraza liitambue shule yake, kisha afanyiwe mtihani, kisha afanye mwaka wa mafunzo hospitalini kama wenzake. Ikiwa shule haikutambuliwa, au ikiwa hakuwa na alama za kumwezesha kusoma udaktari hapa kwetu, huweza kukuta kwamba miaka sita na shamba la baba vimekwenda bure. Tena katika nchi zisizotumia Kiingereza, masomo ya darasani huweza kutolewa kwa Kiingereza, lakini mgonjwa wodini husema lugha yake. Mwanafunzi asiyeielewa lugha hiyo atajifunzaje kuuliza maumivu yalianza lini?

Nchi jirani zina nafuu. Uganda na Tanzania masomo ya shahada ya kwanza huchukua miaka mitano, magonjwa ni yale yale ya kwetu, na mabaraza ya madaktari ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hushirikiana katika kukagua shule. Hata hivyo Baraza la Kenya liulizwe kwanza, kwa barua, na jibu lihifadhiwe.

Kuhusu wakala, kanuni ni moja tu. Akikataa kungoja mpaka umepata jibu la Baraza, usimpe fedha. Mwenye bidhaa njema haogopi kupimwa kwa mizani.

AKIKOSA NAFASI

Wako watakaokosa. Hao wasikate tamaa wala wasione haya. Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya, KMTC, kina tawi Nakuru, na katika vyuo vyake mwanafunzi huweza kusomea kazi ya afisa wa kliniki kwa miaka mitatu, kisha mwaka mmoja wa mafunzo hospitalini. Katika vituo vingi vya afya vya vijijini afisa huyo ndiye amwonaye mgonjwa wa kisukari au wa kifua kwanza, na maisha ya mgonjwa hutegemea kama aliitambua dalili mapema. Wako walioanza hivyo, wakafanya kazi, wakaweka akiba, kisha wakaenda kusomea udaktari wakiwa watu wazima wenye macho yaliyozoea wagonjwa.

MANENO YA MWISHO

Turudi kwa mzee wetu wa Keringet. Jirani wa kwanza alitaja jina, wa pili alitaja mbali, wa tatu alitaja karibu. Wote watatu hawakukosea kabisa, lakini hakuna hata mmoja aliyemwuliza binti kama amewahi kukaa kando ya kitanda cha mgonjwa, wala aliyemwuliza mzee jumla ya miaka sita ni shilingi ngapi.

Basi kabla tarehe ya kuchagua haijafika, mzee na binti wafanye mambo matatu. Kwanza, binti aende katika hospitali iliyo karibu, aombe ruhusa ya kuzungumza na daktari au afisa wa kliniki juu ya kazi yake. Pili, wasafiri pamoja siku moja hadi Nakuru, na ikiwezekana Eldoret, wawaulize wanafunzi wa wodini maswali tuliyoyataja. Tatu, wakae mezani na kalamu, waandike hesabu ya miaka yote, mama naye akiwapo, maana yeye ndiye ajuaye maziwa ya kila asubuhi.

Wakishafanya hayo, na wachague. Shule iliyokubaliwa na Baraza, yenye wagonjwa wa kutosha na walimu waendao wodini, na ambayo nyumba yao itaweza kuilipa hadi mwisho, ndiyo shule njema kwao, hata kama jirani hajapata kulisikia jina lake. Kuuliza si ujinga. Aulizaye mapema hupoteza siku moja tu ya safari, na asiyeuliza huenda akapoteza shamba.